Skafu Nyekundu Juu ya Barafu

Barafu ilipolia, Tuva Sandlund alimkumbatia mwanamume asiyemjua.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, saa sita mchana, na nusu ya mji wa Luleå ilikuwa imeteremkia baharini. Maji yalikuwa yameganda wiki tatu sasa, na barabara pana iliyofagiliwa theluji ilipita juu yake kuuzunguka mji. Watu walitembea na mbwa, na vigari vya watoto, na wazee waliosukumwa kwenye viti vya kuteleza. Moshi wa soseji ulipanda wima. Tuva alivaa koti refu la bluu na buti alizoazima kwa rafiki yake Malena, aliyemburuta hadi hapo kwa maneno matamu na matusi. Ndipo mlio ukatoka chini, mzito, mrefu, kama gogo linaloviringishwa ndani ya handaki.

"Taratibu, dada. Keekee ina ncha kali."

Mwanamume alikuwa na ndevu nyekundu zilizoganda, ovaroli ya rangi ya chungwa, na keekee ndefu ya kutobolea barafu.

"Inapasuka!"

"Inakua. Ikilia ni nzima. Ikinyamaza ndiyo uanze kusali."

"Na wewe nani, daktari wake?"

"Karibu na hapo. Naipima kila asubuhi. Sentimita arobaini na saba, lori linapita. Naitwa Henning." Akaitazama mikono ya Tuva shingoni mwake. "Unaweza kuniachia sasa. Au usiniachie. Sina haraka."

Malena alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye glavu.

Kufikia Februari, simu ya Tuva ilikuwa haitulii. Dukani, alikokuwa akipima macho ya watu na kuwachagulia miwani, alijifungia stoo ili ampokee Henning.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Supu ya njegere. Leo Alhamisi, mji mzima unaila."

"Mimi soseji. Mama anasema nimekonda kwa mapenzi."

"Mama yako hajawahi kukuona ukivua ovaroli?"

"Tuva! Niko na wenzangu, wanasikia!"

Mama yake Henning, Gunvor, alikuwa na miaka sabini na mbili na mdomo usio na breki. Alipotimiza umri huo Tuva alimfumia skafu nyekundu, na bibi akaivaa hata mezani. Kila Jumapili walikwenda watatu kutembea: Gunvor kwenye kiti cha kuteleza, Henning akisukuma, Tuva pembeni, pembeni kabisa, akifuata ukingo wa nchi kavu. Hakuna aliyemcheka. Henning alijua kwamba baba yake Tuva alikufa baharini miaka kumi na moja iliyopita, barafu ya machipuko ilipomeza pikipiki yake ya theluji.

Jambo moja Tuva hakumwambia. Siku ile baba aliahidi kurudi saa nane. Saa tisa mama yake alishika simu, akaiweka chini. "Tusiwasumbue watu bure," alisema. "Tutaonekana vichaa." Saa kumi aliishika tena. Alipiga saa kumi na moja. Daktari alisema baba alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa shimo muda mrefu. Kucha zilionyesha.

Kwa hiyo Tuva alimwekea Henning sharti moja tu: kila akitoka nje ya barabara iliyopimwa, ataje saa ya kurudi, na akifika aandike, "Nipo nchi kavu." Henning alicheka, akambusu puani, akakubali.

Jumapili ya tatu ya Machi Tuva alikuwa na mafua. Henning akampeleka Gunvor peke yake kisiwani Björkskär, kwenye kibanda cha wavuvi, wakanywe kahawa. "Saa nane tumerudi," aliandika. Mama akaongeza kwa simu ya mwanawe: "Tumebeba mandazi ya mdalasini. Yako nitakula mimi."

Saa saba ukungu ukashuka. Kwenye kikundi cha simu marafiki waliendelea na habari zao. Malena alituma picha ya pazia jipya. Mwingine alilalamika kwamba mtoto wake kapoteza glavu ya nne mwezi huu. Mwingine akasema hali ya hewa imegeuka ghafla, hata daraja halionekani.

Saa nane. Kimya.

Saa nane na robo Tuva alipiga. Simu ya Henning haikuita hata mara moja. Akapiga tena.

"Malena, hajarudi."

"Shosti, dakika ishirini. Mwanamume na mama yake na mandazi."

"Simu yake imezimwa."

"Kwenye baridi zinazimika. Tulia kwanza, unywe chai."

"Njoo na gari. Usipokuja nakwenda kwa miguu."

Malena alikuja. Mwisho wa barabara ya barafu Tuva alishuka na kufuata alama za kile kiti, mistari miwili myembamba iliyoingia kwenye ukungu. Alikanyaga barafu kwa mara ya kwanza bila nchi kavu pembeni. Kila hatua aliisikiliza. Haikulia. Haikutoa sauti yoyote.

Kisha akakiona.

Kiti cha kuteleza kilikuwa kimelala ubavu, peke yake. Mbele yake theluji ilikuwa imelowa, ya kijivu, na katikati palikuwa na shimo jeusi lenye maji. Kwenye mpini wa kiti palifungwa skafu nyekundu. Haikupepea. Ilining'inia tu.

"Henning!" Sauti ikamezwa. "Mama Gunvor!"

Nyuma yake Malena alianza kulia. Tuva hakulia. Alitoa simu kifuani, alikokuwa ameiweka ipate joto, akapiga namba ya dharura, akataja mahali, idadi ya watu na umri wao, kwa sauti iliyokauka kama ya karani.

Helikopta ilikuja baada ya dakika kumi na saba. Watu sita waliovaa nguo za kuelea walitambaa kwa matumbo kuelekea shimoni. Mzamiaji alikuwa anafunga kamba kiunoni wakati sauti ya bibi ilipotoka ndani ya ukungu, upande wa kisiwani.

"Nani kafa?"

Gunvor alitokea akitembea kwa miguu yake, makombo ya andazi kidevuni. Nyuma yake Henning, kichwa wazi, macho yamemtoka.

Tuva alimrukia na kumpiga kifuani kwa ngumi zote mbili.

"Kiti! Umeacha kiti! Umeacha skafu!"

"Barafu hapo ni nyembamba, mkondo umeila kwa chini! Nimeigusa kwa keekee mara moja tu ikatoboka. Sikuwa na matawi ya msonobari ya kuweka alama, nikaweka kiti na skafu ya mama, watu wasije wakatumbukia kwenye ukungu, tukaenda kibandani kwa miguu, mama polepole. Ndiyo kazi yangu!"

"Na simu?"

Henning akagusa mfuko wa nje wa koti. "Iliganda," alisema. Mtu anayewafundisha wengine kubeba simu kifuani.

Kesho yake gazeti la mji liliandika: mpima barafu aokolewa akinywa kahawa. Wenzake kazini wakatundika skafu nyekundu mlangoni pake. Jioni alimpigia Tuva, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Helikopta, Tuva. Kwa kuchelewa dakika arobaini. Mji mzima unanicheka."

"Niliona shimo."

"Ungengoja kidogo tu."

Tuva alikaa na maneno hayo sikioni. Aliyajua. Aliwahi kuyasikia jikoni kwao, siku ile ya baba.

"Usinipigie tena," alisema.

Henning hakupiga. Ila kesho yake, saa kumi kamili, ujumbe uliingia: "Nipo nchi kavu." Basi. Na siku iliyofuata tena. Na iliyofuata. Tuva hakujibu hata mmoja, lakini kila siku ilipofika saa kumi kasoro dakika tano hakuweza kusoma herufi za ubaoni pamoja na wateja wake. Aliitazama simu hadi itetemeke.

Siku ya ishirini na tatu haikutetemeka.

Saa kumi na dakika kumi aliomba ruhusa. Alikimbia bila kofia hadi ufukweni. Barafu ilikuwa imepiga weusi wa Aprili. Henning alikuwa hapo, nchi kavu, akigongomea kibao cha kufunga barabara. Mama yake alikaa juu ya jiwe, skafu shingoni.

"Hukuandika!"

"Mama ndiye mwenye simu. Nimemwambia atume."

"Nimekataa," alisema Gunvor. "Mmenichosha. Nilitaka nione kama atakuja."

Tuva alikaa chini kwenye theluji iliyolowa na kumwambia yote: saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja, kucha za baba. Henning aliweka nyundo chini. Uso ulimbadilika taratibu.

"Na mimi nikakwambia ungengoja."

"Ndiyo."

"Nilikosea, Tuva. Kuhusu simu, na kuhusu maneno yale."

Akatoa mfukoni vishikio viwili vya mti vyenye misumari, vya kuning'iniza shingoni, vya mtu kujivutia nje ya maji. Kwenye kimoja alichonga Tuva, kwenye kingine Henning. Kamba iliyoviunganisha ilikuwa uzi mwekundu.

"Pete nitanunua," alisema. "Hivi ni vya kwanza. Utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa. Nitakuwa naogopa kila siku, ujue."

"Najua." Akamvisha shingoni. Kisha kiburi chake kidogo kikajaribu mara ya mwisho. "Lakini ile helikopta, mpenzi. Watu wa uokoaji watakuwepo harusini. Huwezi kuwaambia samahani, kidogo tu?"

Mbele yao bahari ilikuwa kimya kabisa. Tuva alishika misumari kifuani.

"Siwezi. Ukichelewa tena, nawaita tena. Siombi msamaha, Henning. Si leo, wala siku ya harusi."