Vipande vya Radi

Ngumi ilifika kabla haijarushwa. Mkasi aliirudisha picha nyuma, akaitazama upya, akaona kile kile: mume wake amesimama mikono kiunoni, kisha ngumi yake iko kwenye taya la adui, na hapo katikati hakuna kitu. Akaguna. Alidhani ni mkono wake mwenyewe uliofanya kazi bila kumshirikisha, maana kukata hapo katikati ndiyo kazi iliyomlisha miaka yote, na ndiyo iliyompa jina la Mkasi.

Ni hivi. Filamu ya mapigano, kwa mtu aliyewahi kuona inavyopikwa, ni uongo mtupu. Wapiganaji wanapeana zamu taratibu: huyu akiinama, yule anapitisha teke juu, huyu akizunguka, yule keshaambiwa atatokea upande gani. Kasi haipo. Kasi inawekwa baadaye na mtu wa kompyuta, anayeondoa picha moja hapa, mbili pale, kati ya mkono unaoinuka na mkono unaotua. Zikiondoka hizo, mkono unaruka, na mtazamaji anashika kichwa, anaapa kwamba jamaa yule si binadamu. Jamaa mwenyewe muda huo yuko kwake anakandwa goti kwa maji ya moto.

Jamaa mwenyewe, mume wa Mkasi, mashabiki walimwita Radi. Alikuwa steringi, shujaa mkuu wa filamu, tangu enzi za ujana wake, na steringi hafi, kila mtu analijua hilo, lakini hakuna aliyesema magoti yake hayafi. La kulia lilikuwa limekwisha kazi. Nyumbani alitembea akiburuta ndara, kwaruu, kwaruu, na Mkasi alijua alipo bila kuinua macho: sasa anatoka chumbani, sasa yuko jikoni anatafuta sukari iliyo mbele ya pua yake. Katika filamu hii ya mwisho alikuwa mzito mno. Mkasi alimkata na kumkata, mpaka Radi aliyelala kwenye takataka za kompyuta akawa mwingi kuliko Radi aliyebaki kwenye filamu.

Lakini kipande hiki hakuwa amekigusa. Kilikuwa kimetoka kwenye kamera asubuhi hiyo hiyo.

Akampigia simu mwongozaji wa filamu.

"Shemeji, nani amezichezea picha za leo?"

"Hakuna," mwongozaji alisema, na alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa. "Umemwona mumeo, lakini? Yule adui wetu yupo hospitali, taya limehama. Anasema hakuona mkono ukija."

"Hiyo si kasi ya mtu mwenye goti bovu."

"Basi goti limepona. Nimekupunguzia kazi, bado unanung'unika?"

Akakata simu. Mkasi aliyekuwa anakata watu kutwa nzima hakupenda kabisa kukatwa yeye.

"Njaa inaniuma," sauti ilisema nyuma yake.

Radi alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani. Mlango haukulia, na mlango ule ulikuwa unalia tangu wahamie. Chumbani kulikuwa na harufu ya kijiti cha kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na nyumba ile hawakutumia kiberiti. Jiko lao lilikuwa la umeme.

"Umeingia saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Sijasikia ndara."

"Goti haliniumi," Radi alisema, akatabasamu, na kikombe kilichokuwa mezani kikawa mdomoni mwake, chai ikizunguka ndani kana kwamba kuna mtu amekimbia nayo.

Mkasi alijaribu kuongea naye siku hiyo, na kesho yake, na siku zilizofuata, na kila alipojaribu aliambulia kununiwa. Radi alikuwa anafurahi. Alisimama mbele ya kioo akirusha mateke ambayo hayakuonekana yakienda wala yakirudi. "Miaka yote umenikata ili nionekane nina kasi," alimwambia. "Leo ninayo kweli, umekasirika. Wewe ulitaka nini hasa?" Mkasi alikasirika zaidi, akarudi kwenye kompyuta yake. Mwongozaji alimwona mkorofi. Yule adui wa pili aliyeletwa badala ya wa kwanza alivunjwa mbavu, na bado watu walipiga makofi.

Ndipo mchana mmoja akamweka mumewe kitako, akamshika mikono yote miwili ili asipotee.

"Ulikuwa chumbani. Sasa uko sebuleni. Ulipita wapi?"

Radi alifungua mdomo. Tabasamu likamtoka taratibu, na hicho ndicho kitu cha kwanza cha taratibu ambacho Mkasi alikiona kwake baada ya muda mrefu.

"Sijui," alinong'ona. "Nakuwa kule, halafu niko hapa."

"Na katikati?"

Aliangalia mlango kwanza, kisha dirisha. "Katikati kuna giza, mke wangu. Kuna mtu mle. Mimi nabaki gizani, yeye ndiye anayepita." Akaibana mikono ya mkewe. "Mwanzoni alikuwa ananirudisha haraka. Siku hizi anachelewa. Nafikiri hataki tena kunirudisha."

Mkasi alimkumbatia, na ndani ya mikono yake akasikia mwili ule ukiacha kuwa na joto, kisha joto likarudi, na uso uliomtazama ulikuwa unatabasamu upya.

Mganga ambaye Mkasi alimwita alikuwa mama mnene mwenye mafua, anayepiga chafya kila anapotaja jina la Mungu. Alikaa sebuleni na bakuli la maji aliyoyasomea, akamtazama Radi aliyekaa dirishani, naye Radi akamtazama yeye. Mganga alikuwa mjanja, usimwone vile. Aligeuza uso kushoto kama anayetafuta leso, akarusha maji kulia. Maji yalilowesha kiti kitupu. Radi alikuwa amesimama mlangoni. Mganga akajifanya kuchoka, akainama, kisha akageuka ghafla na kurusha kiganja cha pili kule mlangoni, na Radi alikuwa nyuma yake, karibu kabisa, pua yake ikinusa kilemba cha yule mama. Wakaendelea hivyo, mmoja akidanganya kwa macho, kwa bega, kwa kikohozi, na mwingine akiwa daima keshafika pale ambapo udanganyifu ulimalizikia. Mwisho mganga akaingiza mkono kwenye bakuli na kukuta hakuna bakuli. Lilikuwa limefunikwa kichwani mwake, na maji yanamtiririka shingoni.

Hakuna aliyecheka. Mganga alimvuta Mkasi mpaka nje kwenye ngazi, akafunga mlango.

"Mwanangu, huyu siwezi kumtoa, kwa sababu hakai ndani ya mumeo," alisema kwa sauti ya chini. "Anakaa kwenye mwanya. Mtu akitembea, kati ya hatua na hatua yupo yeye mwenyewe. Mumeo hapo kati hayupo. Kuna aliyemtoa akaacha wazi. Unamjua?"

Mkasi alitazama mikono yake.

"Rudisha ulichotoa," mganga alisema. "Na urudishe leo. Kesho utakuwa huna wa kumrudishia."

Kwenye kompyuta kitu hakipotei mpaka umwage takataka, na Mkasi alikuwa mvivu wa kumwaga. Vipande vyote vilikuwepo: bega la mumewe likianza kuinuka, mguu ukikokotwa, uso ukikunjamana kwa maumivu ya goti. Akakaa, akaanza kuvipachika kimoja kimoja mahali pake. Harufu ya kiberiti ikaingia. Aliporudisha cha kwanza, kilitoka. Alirudisha tena, kikatoka tena, na safari hii aliona vidole vya mumewe juu ya vidole vyake, kisha havipo, na Radi yuko dirishani anatazama nje kama mtu asiye na habari. Alikimbiza mkono, vile vidole vikawahi. Akaziba kompyuta kwa mwili wake, akarudisha vitano kwa mpigo, vikatoka vyote. Alasiri nzima ikaenda hivyo. Mkasi alilia, na hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira ya mtu anayefagia sebule huku mwenzake anamwaga mchanga mlangoni.

Ni hasira hiyo iliyomkumbusha siku za uchumba, wakati Radi alipokuwa anamfundisha kupigana kwenye ukumbi wa mazoezi, kila mmoja akimwonea mwenzake aibu. "Mwenye kasi usimkimbize," alikuwa anamwambia. "Mwachie mlango wazi, halafu msubiri ndani."

Akafuta machozi. Akaacha kurudisha. Akaitafuta ile sehemu ya mwisho ya filamu, pale Radi anapoingia kwenye ukumbi wa adui na kuuvuka wote mpaka kwenye kiti chake, na badala ya kurudisha chochote akakata: akaondoa mwendo wote, hatua zote, ukumbi mzima, mpaka akabaki Radi wa mlangoni na Radi mwenye mkono kwenye koo la adui, na kati yao weusi mpana kuliko wote aliowahi kuuacha.

"Haya," alisema bila kugeuka. "Hapo panakutosha."

Upepo ulipita sikioni mwake ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, na nyuma yake kitu kizito kikaanguka sakafuni, na kwenye ule weusi wa skrini kukawa na kitu ambacho kamera haikukipiga, kirefu, kimeinama kwa sababu skrini haikukitosha, ambacho kilikuwa kinajinyoosha kwa raha ya mtu aliyehamia nyumba kubwa, mpaka kilipohisi Mkasi anakitazama kikaanza kumgeuzia uso, na Mkasi hakusubiri kuona kama ni uso, aliurudisha ule mwendo wote kwa kidole kimoja, na ukumbi ukajaa, na ndani ya ukumbi mume wake akatembea, mzito, akichechemea, hatua kwa hatua kwa hatua, hakuacha mahali popote hata pa kupenyeza kucha.

Harufu ikaisha. Sakafuni mtu akaguna.

"Goti," Radi alisema. "Mama yangu, goti linaniuma."

Mkasi hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo. Alimkanda mpaka maji yakapoa, akachemsha mengine. Kisha akarudisha vipande vilivyobaki, filamu nzima, na hakuna mkono uliomzuia. Akampelekea mwongozaji. Radi akaonekana alivyo, mtu mzima anayepigana kwa shida na watu wanaomsubiri.

"Nipe sababu," mwongozaji alisema kwenye simu.

"Sababu ni kwamba namtaka mume wangu. Usiikate, shemeji. Nakuomba hata kwa magoti."

"Sawa, shemeji. Sawa."

Wakaishi vizuri. Radi alinuna siku kadhaa kwa kukosa kasi yake, kisha akazoea, akarudi kuburuta ndara na kupotezana na sukari. Asubuhi moja, Mkasi akiwa peke yake sebuleni na chai yake, simu ikaita.

"Shemeji, usinikasirikie," mwongozaji alisema, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na makofi. "Ile ulivyoiharibu, ningewaoneshaje watu? Nilikaa mwenyewe nikakata. Nimekata kushinda wewe. Ilianza kuoneshwa jana, na leo tumeongeza maonyesho. Mumeo hawamwoni mkono."

Mkasi aliweka simu mezani. Huko kwenye korido ya nyumba mlango wa chumba ulifunguka, na ndara zikaanza kuja, kwaruu, kwaruu, mwendo wa mtu aliyetoka usingizini, na yeye akashusha pumzi kwa kuzisikia. Ndipo pua yake ikakutana na harufu ya kiberiti kilichozimwa.

Radi alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani. Alikunja goti la kulia, akalinyoosha, akalikunja.

"Haliniumi," alisema.

Kwaruu, kwaruu, kwenye korido.

"Mume wangu," Mkasi aliita kuelekea mlangoni, na sauti yake ilitoka ndogo. "Usije huku. Rudi chumbani."

"Unasemaje?" ilijibu sauti ya mume wake, ya kitandani, ya miaka yote. "Sikusikii. Nakuja."

Aliyekaa dirishani aliinamisha kichwa akasikiliza zile ndara pamoja naye, kama mpiganaji anavyosikiliza pumzi za mwenzake. Mkasi alijua asimkimbize. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akauegemea kwa mgongo, akashika kitasa kwa mikono yote miwili, ili yeyote anayetaka kupita apitie kwake kwanza, na hakuondoa macho kwenye kile kiti, hakupepesa, mpaka macho yakaanza kumuwasha na kutoa maji, akavumilia, akavumilia, kisha akapepesa mara moja tu.

Kiti kilikuwa kitupu. Nyuma ya mgongo wake ndara ilianza kukwaruza na haikumaliza.

Mkasi aliita jina ambalo ni yeye tu aliyekuwa akimwita mumewe, akaita tena. Ndipo hatua zikaendelea kuja mlangoni, nyepesi, za miguu miwili iliyo sawa.