Marashi Amejifungua, Msiingie

Mrisho alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini. Aliishi Kariakoo, karibu na soko, pamoja na mama yake, Bi Sitara, na mkewe, Kuruthumu. Nyama ya ng'ombe ilionekana nyumbani kwao siku za sikukuu tu. Kwa hiyo Mrisho alinunua sungura wawili, dume na jike. Akawajengea vibanda viwili uani kwa mbao za masanduku ya mafuta ya taa.

Dume hakupewa jina. Jike, Bi Sitara alimwita Marashi. Kila asubuhi alimpelekea majani ya matembele yaliyobaki sokoni. Kisha alimpakata na kumsimulia habari za marehemu mumewe. Tangu afiwe, Bi Sitara alikuwa mtu wa kukaa kimya. Kwa Marashi peke yake ndipo ulimi ulipofunguka. Kuruthumu alikuwa akinung'unika kwamba sungura yule anajua siri za ukoo kuliko mke wa nyumba.

Marashi akazaa watoto sita. Wote wakafa. Akazaa tena, safari hii saba. Siku ya tatu, wawili walikuwa wameliwa na mama yao, na wengine wamekufa kwa baridi. Mrisho alikasirika sana. Nusu mwaka amelisha mnyama, na hata mfupa hajauonja.

"Mama, akila wanawe tena, nitamchinja yeye," alisema.

Bi Sitara aliingia chumbani kwake, na siku ile hakula.

Kuruthumu alikuwa na mimba changa, na kelele za nyumba ile zilikuwa zimemchosha. Alikwenda kumwita Candida, mpangaji wa chumba cha mbele. Candida alilelewa misheni, na huko alitunza sungura miaka mingi. Alikuja uani, akauliza swali moja tu: Marashi akizaa, mnamfanyia nini?

Bi Sitara alieleza kwa fahari. Alimfukiza udi, kama mzazi yeyote. Alimpa uji wa pilipili manga. Maji alimwondolea, maana mzazi hapewi maji ya baridi. Aliwaita majirani waje kutoa hongera, na kila mmoja aliinua mtoto, akamsifu, akamrudisha. Tena, kwa kuwa Marashi hakai na wanawe, yeye mwenyewe aliwashika na kuwaweka kwenye chuchu, mara tano kwa siku.

Mara tano kwa siku, jamani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa wageni walikuja mtaa mzima, na mwenyeji akala watoto wake.

Candida alishika kiuno. "Bi Sitara, sungura si mwanamke. Kwake yeye, anayekuja kuchungulia watoto ni adui. Akinusa moshi, anadhani ni moto. Akiwa na hofu, tena ana kiu, ndipo anapowala."

"Mbona hawanyonyeshi?"

"Anawanyonyesha mara moja au mbili kwa siku, kwa dakika chache, kisha anakaa mbali nao. Ndiyo desturi yake. Ukiona tumbo la mtoto limejaa, ujue ameshiba."

Kisha Candida aliwaeleza la kufanya. Wiki moja kabla ya kuzaa, Marashi awekewe sanduku lenye nyasi kavu. Yeye mwenyewe atanyonyoa manyoya yake na kuwatandikia wanawe. Maji safi yasikosekane mchana wala usiku. Dume abaki kwenye kibanda chake. Mtu mmoja tu awaangalie watoto, mara moja kwa siku. Anawe mikono, aisugue kwenye nyasi za Marashi, amtoe aliyekufa, kisha aondoke.

Bi Sitara alikuwa akitazama chini. "Basi aliyewaua ni mimi," alisema.

"Hukujua," Candida alimjibu. "Ulimtendea kama ulivyotendewa wewe."

Marashi alipozaa mara ya tatu, Bi Sitara aliweka kigoda chake kwenye mlango wa uani. Jirani yake Amna alikuja na bakuli la uji, akazuiwa. Akauliza ni mzazi gani huyo asiyetazamwa.

"Marashi amejifungua, msiingie," Bi Sitara alisema, na bakuli la uji akalirudisha.

Mikono ilimwasha kutaka kuwashika wale watoto, lakini alivumilia. Alilinda mlango siku kama kumi, mpaka walipofumbua macho. Walikuwa saba, wanene. Walipofika wiki sita walitengwa na mama yao. Kuruthumu alikataza kabisa wasipewe majina. Walipofika miezi mitano, Mrisho alichinja wawili, wakapikwa kwa nazi. Bi Sitara alikula akashiba, kisha akaenda kumpakata Marashi wake.

Mwezi ule ule Kuruthumu alijifungua mtoto wa kike. Siku ya pili chumba kilijaa wanawake. Moshi wa udi ulikuwa mzito, na mtoto alipita mkono kwa mkono huku akilia. Kuruthumu hakuwa amelala hata kidogo. Alimwita mkwewe karibu.

"Mama, Marashi ulimpa siku kumi. Mimi nimekosa nini?"

Bi Sitara alimchukua mtoto, akamlaza kifuani kwa mama yake. Alitoa chetezo nje, akawatoa na wale wanawake. Kisha akaenda uani kuchukua kigoda chake.