Jina la Lyamba

Rahim, fundi wa sauti, alivua hedifoni, akazitazama kama vile ndizo zenye makosa, kisha akazivaa tena. Ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri, joto la Oktoba limewabana watu wote wa mtaa wa Shanwe majumbani, na kwenye kompyuta yake kulikuwa na onyesho zima la jana, kila maikrofoni na mstari wake. Gitaa la Zefania, ngoma za Didace, sauti ya Kauthar, makofi ya watu. Mstari wa tano ulikuwa wa maikrofoni iliyowekwa mbele ya kiti kitupu. Huo ulipaswa kulala tu, umenyooka. Lakini ulikuwa umejaa milima na mabonde tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

"Kaka Zefa," alisema taratibu, "jana kile kiti alikaa mtu?"

"Akae nani? Kile cha marehemu."

"Basi njoo usikie."

Zefania alikuwa fundi redio pale mtaani, mtu wa miaka hamsini na mbili, na zamani alikuwa kiongozi wa bendi ya Mizinga. Wenye umri wao Mpanda wanaikumbuka: magitaa ya umeme, ngoma za kwao, na katikati yake zeze la Lyamba. Watu walikuja kwa ajili ya zeze lile. Zefania aliimba, aliongoza, alivaa kofia nzuri, na watu wakaendelea kumtazama Lyamba. Jambo hilo lilimkera kwa miaka mingi, nalo halikuwahi kumtoka, hata baada ya bendi kuvunjika.

Jumamosi walikuwa wamekusanyika tena kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minane, kurekodi onyesho mbele ya watu. Lyamba alikuwa ameshakufa miaka miwili nyuma huko Kapalamsenga, ziwani, alikoishia kuanika dagaa za watu wengine. Zefania akaamua kiti chake kiwekwe jukwaani na maikrofoni iwashwe. Alisema ni kumuenzi. Ukweli ni kwamba alijua ukumbi utalia, na kilio kinapendeza kwenye rekodi.

Bendi ya Mizinga haikuwahi kuanza bila salamu. Kiongozi aliita jina la kila mmoja kwa kuimba, naye aliyeitwa akaitika kwa chombo chake, ili watu wawajue na fundi wa sauti apime maikrofoni zake. Kauthar alipoona kiti kile alimvuta Zefania pembeni.

"Usije ukamwita Lyamba," alimwambia. "Jina lake halijarithiwa. Kwao huwa hawaliiti mpaka apatikane wa kulivaa."

"Dada Kauthar, ni heshima tu."

"Mimi nimekwambia."

Zefania alimwita. Aliimba jina lile taratibu, mara tatu, kichwa amekiinamisha, na watu wakalia kama alivyotaka.

Sasa alivaa hedifoni za Rahim na kusikia kilichofuata baada ya ule mwito. Uzi mmoja wa zeze uligongwa. Ukatulia. Kisha zeze likaingia kwenye wimbo wa kwanza, likapita juu ya gitaa lake, likazunguka sauti ya Kauthar, likapiga vizuri kuliko Lyamba alivyowahi kupiga akiwa hai. Chumba kile kidogo kilianza kunuka masega ya nyuki yaliyoungua. Rahim alifungua dirisha, harufu haikutoka. Na mwisho kabisa, makofi yalipokwisha na watu kuanza kusogeza viti, sauti ya mwanaume ilisema karibu kabisa na maikrofoni, kwa upole:

"Zefania. Yale ya treni yameisha. Nimekusamehe."

Rahim aliuliza, "Treni gani, kaka?"

"Sijui," alisema Zefania, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni.

Alijua sana. Mwaka ule walioitwa Dar kurekodi, yeye ndiye aliyepeleka habari kwa Lyamba kijijini Kasekese. Alimwambia treni inaondoka Jumamosi, nayo iliondoka Alhamisi. Wenzake akawaambia Lyamba amekataa, amejaa majivuno. Lyamba alifika stesheni Jumamosi na zeze lake amelifunga kwa kitenge, na kwa kuwa treni kuchelewa ni jambo la kawaida, alikaa akaingoja siku mbili. Rekodi ile ya Dar bila zeze haikumfurahisha mtu yeyote. Bendi ikafa. Lyamba hakugusa tena zeze maisha yake yote, na Zefania hakumwambia mtu, hata mkewe Esteria aliyelala naye kitanda kimoja.

Kwa hiyo usishangae kwamba aliomba nakala ya mstari ule wa tano kwenye simu. Aliusikiliza akinywa chai. Aliusikiliza dukani akiwa na chuma cha moto cha kulehemu mkononi. Miaka kumi na minane alikuwa amebeba kitu kifuani, na sasa kulikuwa na mtu anayekitua kila alipobonyeza kitufe.

Jumatatu asubuhi redio mbovu iliyokuwa mezani, isiyo na betri wala waya, ilisema, "Nimekusamehe." Zefania aliishika kwa mikono miwili. Alipaswa kukimbia. Alisema, "Asante, ndugu yangu."

Siku hiyohiyo Kauthar alikuwa peke yake katika duka lake la vitenge sokoni aliposikia mtu nyuma ya pazia akimsalimia kwa sauti ya Lyamba, akamtaja jina, akamuuliza habari za nyumbani, naye kwa mazoea tu, kabla akili haijafika, aliitika. Tangu pale hakutoa neno. Kinywa kilifunguka, ulimi ulicheza, lakini sauti hakuna. Mumewe alimletea shehe, akamsomea siku mbili. Siku ya pili shehe alifunga kitabu na kumnong'oneza mume, "Huyu hakuvamia. Ameitwa. Mtafuteni aliyemwita."

Didace alikuja dukani kwa Zefania Jumatano, mpiga ngoma mwenye asili ya Kirundi, mtu mkubwa asiyeogopa mengi, na safari hii alisimama mlangoni bila kuingia.

"Zefania, kuna nini humu ndani? Mbona kunanuka asali imeungua?"

"Ni Lyamba," alisema Zefania kwa sauti ya chini. "Amenisamehe."

"Lyamba gani? Lyamba nilimjua mimi. Lyamba alikuwa ananuna wiki nzima ukikalia kiti chake. Huyo mpole wa wapi?" Didace alitazama redio zilizopangwa rafuni, akapunguza sauti. "Kauthar amekuwa bubu, na wewe umekaa hapa unafarijiwa. Tunakwenda Kasekese, sasa hivi, kwa Mariana."

Zefania alitaka kukataa. Hiyo ndiyo aibu yake kubwa, na inafaa isemwe: alimpima Kauthar na ile sauti, na kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, mizani haikuamua. Ndipo redio zote rafuni, kumi na saba, zile zenye vyumba vitupu vya betri na zile zilizofumuliwa mpaka spika zao zimening'inia kwa waya mmoja, zilianza pamoja kupumua, pumzi moja ndefu inayoingia na kutoka, na harufu ile ikanenepa mpaka ikawakaa kooni, na sauti tamu ikasema usiende, Zefania, nani mwingine atakusamehe, usiende, na Didace akamshika mkono akamvuta nje mpaka barabarani, na hata pale juani, katikati ya pikipiki na wauza nyanya, Zefania alikuwa bado anageuka nyuma.

Mariana, dada yake Lyamba, aliwasikiliza akipepeta karanga. Zefania alieleza yote, mpaka ya treni. Alifikiri mama yule atamtemea mate. Hakuinua hata macho.

"Hayo tulijua," alisema. "Alituambia siku aliyorudi kutoka stesheni. Tulikuwa tunangoja wewe useme."

"Dada, lakini amenisamehe. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Kaka yangu alikufa mkono wake umo mkononi mwangu. Nilimuuliza kama tukuite. Akasema hapana." Aliweka ungo chini. "Wewe uliita jina halina mwenyewe. Jina likikaa wazi ukaliita, anayepita analivaa. Wale wapitao wanajua kila mtu anataka kusikia nini, ndiyo chakula chao. Huyo anakula kwako, na Kauthar ni kitoweo. Futeni hiyo rekodi yote. Kesho namvika Ndaki jina."

Ndaki alikuwa mwanawe, mkulima wa miaka arobaini, asiye na habari na muziki. Alhamisi asubuhi, Rahim akiwa ameshafuta onyesho lote na Zefania ameshafuta nakala yake mbele ya Didace, walimkalisha Ndaki mkekani uani. Kauthar aliletwa na mumewe, akakaa pembeni amejifunika. Mariana alimpaka mwanawe unga wa mtama kipajini, akamvisha koti la mjomba wake, akampa jembe la mjomba wake.

Kisha akaita, "Lyamba."

Harufu ya masega yaliyoungua iliingia uani pale, na nyuma ya nyumba, na juu ya paa, na ndani ya ghala, sauti kumi zilivuta pumzi kwa pamoja kutaka kuitika, kuku wakajibanza ukutani, watoto wakaziba masikio, Mariana akaita mara ya pili akiwa amemshika mwanawe mabega kwa nguvu zote, na Ndaki, jasho linapasua ule unga usoni, akafungua kinywa akiwa wa kwanza.

"Naam."

Pumzi zile zikakatika. Upepo wa kawaida ulipita, ukanukia vumbi. Kauthar alikohoa mara tatu, akasema, "Maji," na mumewe akaanza kulia.

Watu walipanga foleni kumsalimia Ndaki kwa jina lake jipya. Wajukuu walimwita babu, mjane wa Kapalamsenga alimwita mume wangu kwa utani wa heshima, naye akawajibu wote inavyotakiwa, maana kwa ukoo ule aliyevaa jina husema kwa niaba ya mwenye jina. Zefania alingoja mpaka mwisho, akapiga magoti.

"Lyamba," alisema. "Nisamehe ile treni."

Ndaki alimwangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu aliyepewa kazi, na anataka kuifanya vizuri.

"Nilikaa stesheni siku mbili," alisema. "Siku ya pili nilimuuliza karani, akacheka. Hapana, Zefania. Sijakusamehe na sitakusamehe. Inuka, kuna chakula."

Zefania hakula. Alirudi Mpanda na gari la mizigo, akiwa katikati ya magunia. Wenzake walikuwa wanacheka, Kauthar akiimba kidogokidogo kujaribu koo lake. Alipaswa kuwafurahia. Aliwaonea kijicho.

Ijumaa, saa saba mchana, alijifungia dukani. Redio zilikuwa kimya, mbovu za kawaida tu. Aliziita kwa kunong'ona. Aliomba. Aliita hata jina la Lyamba, na hakuna kilichojibu, kwa sababu jina lile sasa lilikuwa shambani Kasekese, linalima shamba la karanga.

Akachomeka maikrofoni kwenye spika. Alikaa nayo magotini, akifikiri. Wale wanataka jina ambalo halina wa kuliitikia. Akawasha. Akaimba polepole, kama kwenye salamu, jina alilopewa na mama yake, Zefania, mara tatu, kisha akauma meno, hakuitika.

Taa ya spika ilicheza. Harufu ya masega yaliyoungua ilimfika puani, naye akaivuta ndani kwa furaha.

"Naam," ilisema spika, kwa sauti yake mwenyewe. "Nimejisamehe."

Kifua chake kilikuwa chepesi hata akacheka, ingawa cheko halikutoka. Alijaribu kusema asante, nayo haikutoka. Alijaribu kusimama. Mikono yake ilikuwa imelala magotini kama ya mtu mwingine.

Kutoka uani Esteria aliita, "Baba Séverine, njoo ule, ugali unapoa."

"Nakuja, mke wangu," alijibu mtu. Hatua zikavuka duka, komeo likafunguliwa kwa ndani, na Zefania, kinywa wazi pale kwenye kigoda, akautazama mgongo wake mwenyewe ukitoka kwenda kula.