Bwawa la Mkunga Linavuja

Kila asubuhi baada ya chai, Mkunga alivuta mpira wa maji hadi kwenye bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Alifungua bomba, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasubiri. Bwawa lilikunywa maji kama mtu mwenye homa. Jioni maji yalikuwa yameshuka tena.

Alistaafu ukunga miaka sita iliyopita, lakini mtaa mzima bado ulimwita Mkunga. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne. Alilala katika kimoja, vitatu alivifagia tu. Binti yake wa pekee alifanya kazi mbali. Mumewe, mjenzi wa barabara, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma.

Bwawa alilijenga mume huyo kwa mikono yake. Wakati huo Mkunga alikuwa ameanza kuumwa nyonga, na daktari alimshauri atembee ndani ya maji. Basi walitembea pamoja kila asubuhi, kutoka ukuta hadi ukuta, wakibishana juu ya mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Mume alipoondoka, Mkunga aliendelea kutembea. Ila hakuwa na wa kubishana naye.

Kisha plasta ikaanza kumomonyoka. Sakafu ya bwawa ilikwaruza kama ngozi ya kenge. Siku moja Mkunga alitoka majini nyayo zikitoka damu. Alinunua rangi ya ukutani, akapunguza maji, akapaka kuta zilizoonekana. Baada ya wiki mbili rangi ilibanduka, vipande vikaelea kama majani makavu. Tangu hapo hakuingia tena. Maji yakawa ya kijani. Hata hivyo aliendelea kuyaongeza, kwa sababu hakutaka kuliona bwawa tupu.

Jirani wa upande wa kushoto, mama mmoja mnene mwenye magoti mabovu, alimwita juu ya ukuta.

"Mama, usinielewe vibaya. Mbu wanazaliwa kwako, halafu wanakula kwangu. Nimeugua mara mbili."

Mkunga aliona aibu. Jioni hiyo alimweleza binti yake kwa simu.

"Fukia tu, mama," binti alisema. "Panda maua. Wewe mwenyewe huingii siku hizi."

"Nimekusikia, mwanangu."

Lakini simu ilipokatika, alikaa palepale. Kulifukia bwawa kulikuwa kama kumzika yule mzee mara ya pili.

Jirani ndiye aliyemwelekeza kwa fundi mwashi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye viatu vilivyojaa saruji.

"Hodi humu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, mwaga maji yote leo, upige plasta mpya. Sitaki maneno mengi."

Mvua ilikuwa inanyesha kwa wiki ya tatu. Fundi aliutazama udongo uliolowa. Kisha akaomba beseni la maji na sufuria.

"Beseni hili ni ardhi yako iliyojaa mvua," alisema. "Sufuria ni bwawa."

Aliijaza sufuria maji, akaiweka ndani ya beseni. Ikatulia chini. Akaimwaga, akairudisha. Safari hii ikaelea, ikainama upande.

"Tukimwaga maji leo, maji ya ardhini yanaweza kulisukuma bwawa zima juu. Zege litapasuka na mabomba yatakatika. Tungoje ardhi ikauke."

"Kungoja ndiyo kazi yangu siku hizi," Mkunga alisema.

"Basi tungoje kwa faida. Kwanza tujue kama bwawa linavuja kweli, au jua tu ndilo linalokunywa maji."

Siku ya kwanza isiyo na mvua, fundi alijaza ndoo maji ya bwawa. Aliisimamisha kwenye ngazi ya juu ndani ya bwawa. Maji ya ndoo na maji ya bwawa yalikuwa usawa mmoja. Akachora alama mbili.

"Jua linakunywa kote sawa, mama. Kesho, kama bwawa limeshuka kuliko ndoo, linavuja. Na usiongeze maji."

Kesho yake maji ya ndoo yalikuwa yameshuka unene wa ukucha. Ya bwawa yalishuka vidole viwili. Siku zilizofuata yakazidi kushuka, hadi yalipofika kwenye taa ya ukutani. Hapo yakasimama.

"Yamekuonyesha mlango yanaotokea," fundi alisema. "Pale kando ya taa."

Maji yaliyobaki aliyatia klorini, akayafunika kwa turubai lililokazwa ili mbu wasipate pa kutaga. Kisha akaaga.

Miezi miwili ilipita. Hakuna aliyebisha hodi. Mkunga alifagia vyumba vyake vitatu, akasikiliza redio, akazima redio.

Ardhi ilipokauka, fundi alirudi na wenzake wawili. Walivuta maji yote kwa pampu. Fundi akampa Mkunga fimbo ya chuma na chaki.

"Gonga sakafu, usikilize. Panapolia kama debe tupu, plasta imeachana na zege. Weka alama."

Mkunga alikuwa amesikiliza mapigo ya moyo ndani ya matumbo ya watu kwa miaka thelathini. Aligonga polepole, kichwa kimeinama, akatia alama hata mahali ambapo fundi mwenyewe hakusikia kitu. Kufikia saa sita alama za chaki zilikuwa zimejaa karibu kila mahali.

"Basi itoke yote," fundi alisema. "Plasta mpya juu ya iliyoachana itaanguka nayo. Na rangi yako ilianguka kwa sababu hiyohiyo."

Walivaa barakoa na miwani, wakaanza kubomoa. Chini ya plasta, zege lilikuwa laini kama sahani. Fundi akatikisa kichwa.

"Aliyepiga plasta hii hakukwaruza zege kwanza. Haikupata pa kushika."

Mkunga akanyooka.

"Aliyepiga ni marehemu mume wangu. Alikuwa anajenga barabara wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako."

Akapanda ngazi, akaingia ndani, akafunga mlango. Alikaa jikoni muda mrefu. Nyundo nje zilikuwa zimenyamaza. Mwishowe alitoka, akasimama ukingoni.

"Fundi. Angekuwepo, angekubali maneno yako?"

Fundi aliweka nyundo chini.

"Wazee wa kazi nawajua, mama. Angebisha hadi mchana. Halafu angekwenda kuleta patasi."

Mkunga alicheka. Kisha ikabidi ajifute macho kwa ncha ya kanga.

"Hadi jioni," alisema. "Angebisha hadi jioni. Haya, endeleeni."

Walikwaruza zege hadi likawa na meno. Ufa wa kando ya taa waliupanua kwanza, wakausafisha, ndipo wakauziba kwa saruji isiyopitisha maji. "Ufa ukizibwa juujuu ni kama kidonda kilichofungwa na uchafu wake," fundi alisema. Mkunga aliitikia. Hilo alilijua.

Siku ya plasta walianza alfajiri. Walichanganya saruji nyeupe na unga wa marumaru, wakapiga bwawa zima bila kusimama, ili pasibaki mshono. Plasta iliposhika, walilaza mpira wa maji chini kabisa, ncha yake imefungwa kitambaa ili maji yasichimbe.

"Usifunge bomba mpaka bwawa lijae," fundi alionya. "Ukifunga katikati, patabaki mstari usiofutika."

Bwawa lilipojaa, fundi alikusanya vifaa vyake. Mlango wa wavu wenye komeo la juu alikuwa ameshaupachika kwenye njia ya kuingilia bwawani, mtoto wa mtu asije akatumbukia.

"Wiki mbili, mama, sugua kuta na sakafu kwa brashi laini, asubuhi na jioni. Pampu ya kuzungusha maji iwe inafanya kazi. Usiingie mpaka karatasi hizi za kupimia dawa ya maji zikubali. Dawa itie kwenye maji, kamwe usimwagie dawa maji. Na usichanganye dawa mbili."

Gari lao liliondoka. Kimya kikarudi na mizigo yake yote.

Mkunga alisugua, asubuhi na jioni. Vumbi jeupe lilipanda majini kama maziwa, likatulia. Siku ya tano sauti ilitoka juu ya ukuta.

"Mama, siku hizi unafagia maji?"

"Nimemaliza kufagia nyumba," Mkunga alijibu.

Jirani alicheka. Hakuondoka. Alisema mbu wamepungua. Akasema magoti yake yanamnyima usingizi. Mkunga alimsikiliza huku akisugua.

Wiki mbili zilipokwisha, karatasi zilikubali. Kwa siku tatu maji ya bwawa hayakushuka zaidi ya yale ya ndoo. Mkunga aliingia asubuhi. Chini ya nyayo palikuwa laini. Alitembea hadi ukuta wa pili, akageuka. Nyonga ililegea. Alifungua mdomo aseme jambo, akakumbuka hakuna wa kuambiwa.

Alitoka, akajifunga kanga, akaenda kugonga mlango wa Jirani.

"Hayo magoti yako," alisema. "Maji yatayabeba. Njoo kesho."

"Sijui kuogelea, mama."

"Hatuogelei. Tunatembea tu, pale penye kina kifupi. Mimi nipo."

"Saa ngapi?"

"Saa moja. Ukichelewa naanza bila wewe."

Kesho yake saa moja ikafika, ikapita. Mkunga hakuanza. Alikaa kwenye ngazi ya juu, miguu majini, akitazama mlango wa wavu. Saa moja na robo, komeo likalia.