Aliyebisha Chini ya Kitasa

“Nani alikwambia umkaribishe mtu usiyemwona?”

“Alibisha hodi, Baba Mira. Kwetu mtu akibisha hukai kimya.”

“Kwenu ni Masumbwe. Hapa ni kwangu.”

Baba Mira hakuwa mtu wa kufoka. Aliuza vipuri vya pikipiki mjini Shinyanga, na wateja walimpenda huyu Mhindu kwa utani wake wa Kisukuma. Lakini mchana ule alisimama jikoni akimtazama Limi, msichana wao wa kazi, kana kwamba ametia sumu kwenye sufuria. Limi alikuwa akichambua mchele aliposikia mlango wa nyuma ukigongwa taratibu, chini ya kitasa, pale mkono wa mtoto mdogo unapofika. Akajibu, “Karibu, ingia.” Alipofungua hakukuta mtu. Ila harufu ilimpita ubavuni ikaingia ndani, harufu ya pamba inayoungua, na msimu wa pamba ulikuwa bado.

Jioni ile alimpelekea chai Babu, baba yake Baba Mira, mzee Kanti aliyekuwa hatoki tena kitandani. Kadiri alivyokaribia chumba chake ndivyo harufu ilivyozidi kuwa kali, na nyuma yake akasikia nyayo ndogo, zikisimama aliposimama, zikienda alipokwenda, mpaka mlangoni zilipompita na ubaridi ukamgusa gotini kama mtoto anayepenya kati ya mtu na ukuta, kisha akamsikia Babu akicheka, yeye ambaye hakuwahi kucheka tangu afiwe na mkewe, na sauti nyembamba ikicheka pamoja naye.

“Usiogope, mjukuu wangu,” Babu alinong’ona. “Ni Yusuf. Leta kikombe kingine.”

Akamsimulia. Baba yake, Jivraj, yule mwenye masharubu kwenye picha ya sebuleni iliyovishwa shada la maua, alikuwa mcheza mieleka na mbabe wa mtaa wao huko India. Mtu akishaingia nyumbani kwake, hakuna aliyethubutu kumgusa. Mwaka mmoja kabla ya uhuru wa India, Wahindu na Waislamu wa mji ule walianza kuuana. Jivraj akawagawia vijana visu na marungu, akawaongoza mwenyewe hadi mtaa wa mafundi cherehani, kwa watu waliomshonea nguo tangu ujana wake. Wakachoma maghala ya pamba, na nyumba zikiwa na watu ndani.

Yusuf alikuwa mtoto wa fundi, akicheza gololi na Kanti kila siku. Aliponyoka kwenye moto, akakimbilia mahali pekee alipojua pana usalama, akabisha. Jivraj alikuwa amerudi kunawa. Nje vijana wake walisimama wakingoja kuona kama mbabe wao atamfungulia mtoto wa Kiislamu. Akauegemea mlango kwa mgongo wake mpana, akamvuta mwanawe, akamziba mdomo.

“Mkono wake ulinuka pamba,” Babu alisema. “Yusuf aliniita mpaka akanyamaza.”

Walihamia Tanganyika, na Jivraj akawa mnunuzi wa pamba mwenye heshima zake. Lakini yule mtoto aliyeuawa mlangoni alivuka bahari pamoja nao. Alibisha miaka yote, na wote waliozaliwa katika nyumba ile waliamriwa wasiitikie.

Tangu siku hiyo Limi alipeleka vikombe viwili. Kimoja kilirudi kikiwa na majivu.

Baba Mira aliyaona majivu hayo hata kwenye shuka. Aliona pia baba yake hali tena chakula, anacheza gololi juu ya blanketi na mtu asiyeonekana. Akaogopa kwamba mtoto yule amekuja kumchukua. Akaenda Ngokolo kumleta mganga, mzee Maduhu.

Jua lilikuwa linazama Maduhu alipoanza kufukiza dawa, na moshi ulipoingia chumbani kucha ndogo zikaanza kukwaruza ukuta, zikatoka ukumbini, zikakwaruza meza na makabati ya jikoni, zikitafuta pa kushika huku kilio kikienda nazo, na Babu akainuka kitandani kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo, akafungua kinywa amwite mwenzake arudi, na Baba Mira, akilia, akamkumbatia kwa nyuma na kumziba mdomo.

Mlango wa nyuma ukajifunga. Maduhu akafukia dawa kizingitini, akaomba maji ya kunywa.

“Sasa hapiti asiye na mwili,” alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, “Nimetoa majini mengi. Huyu alikuwa analia tu.”

Babu hakusema neno tena. Alifariki wiki ileile, uso wake ukiwa umeelekea ukutani.

Jioni waliporudi kutoka kuuchoma mwili wake, kama desturi yao ilivyo, Limi alikuwa peke yake jikoni, akiosha vyombo vya wageni. Mlango ukagongwa chini ya kitasa. Kisha ukagongwa juu, kwa mkono wa mtu mzima.

Akaufungua wazi. Akasema karibu. Akasubiri harufu impite, haikupita. Akasema karibu tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka, na gizani, hatua moja tu nje ya kizingiti, Babu akamjibu.

“Tupo wawili, mjukuu wangu. Mbona hatuwezi kuingia?”