Skrubu Bila Sampuli

Kama hujawahi kutafuta skrubu moja kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road saa sita mchana, usiniambie unaijua taabu. Duka la kwanza wanakucheka, la pili wanakuuliza ni ya gari gani, la tatu wanakuuzia boksi zima la zile usizozitaka. Mbithe alikuwa anatoka duka la tano. Asubuhi alikuwa ameanzia Westlands, kwa wale wauza misumeno mipya ya kukatia miti, na msichana wa kaunta alikuwa amemweleza kwa sauti laini kwamba skrubu haziuzwi moja moja. Ni seti, na seti ni elfu mbili mia nne. Mbithe alitaka moja tu, ya kushikilia ekzosi, lile bomba la moshi. Elfu mbili mia nne kwa kachuma kanakoweza kupotea mfukoni! Alitoka bila kuaga.

Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, na kichwani kilemba cha kitenge cha manjano, maana kwake grisi ilikuwa kazi, haikuwa sababu ya kuonekana ovyo. Duka la sita lilikuwa jembamba, makopo ya skrubu yamepangwa mpaka darini, na nyuma ya kaunta alisimama mwanamume amevaa shati jeupe pepepe, kola imepigwa pasi ikanyooka.

"Sasa?" akasema yule mwanamume.

"Poa. Nataka skrubu ya power saw, ya ekzosi. Iko na kichwa ya nyota."

"Uko na sampuli?"

"Si nimekuambia ni ya—"

"Madam, mimi siuzi maneno. Nipe ile ya zamani niione."

Mbithe akafungua ngumi. Skrubu ilikuwa imelala humo tangu Westlands, imemwachia alama kiganjani. Mwanamume akaipangusa, kisha akaijaribu kwenye nati zilizochomelewa kwa safu juu ya kipande cha chuma. Nati ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu ikapokea, ikazunguka yenyewe mpaka mwisho. Akaingiza mkono kwenye kopo moja bila hata kutazama.

"Hii hapa. Thelathini bob. Hiyo power saw ni ya bwanako?"

"Ni ya mteja. Fundi ni mimi."

"Wewe?"

"Ni mimi. Na wewe, mbona unavaa nyeupe kwa duka ya grisi?"

"Ndio mtu kama wewe aniulize."

Mbithe hakutaka kucheka, lakini alicheka. Jina lake Kiragu, akamwambia, na namba ya simu ya duka ndiyo hiyo hiyo yake, usiku na mchana.

Basi skrubu za Mbithe zikaanza kupotea kwa wingi wa ajabu! Kila wiki alikuwa na sababu ya kupanda gari kutoka Dagoretti mpaka mjini. Kiragu naye akawa anapiga simu saa nne, saa ya chai.

"Fundi wangu, umekula?"

"Bado. Nimeshika kabureta."

"Iachilie, ushike chapati. Hiyo kabureta haitakuoa."

"Na wewe je?"

"Mimi niko kwa foleni nyuma yake."

Jumapili moja baada ya kanisa walikutana Westlands. Mbithe alivaa gauni la kijani na viatu vilivyomuuma, wakala kuku na chipsi, na Kiragu akamweleza kwa nini hauzi chochote bila sampuli. Skrubu mbili zinaweza kufanana machoni kama mapacha, alisema, na meno yake yakawa tofauti. Aliwahi kumuuzia mtu wa pampu kwa kukisia tu, pampu ikapasuka. Tangu siku hiyo hata mamake mzazi hamuuzii bila sampuli. Mbithe alimsikiliza akamwona mwanamume wa maana, akampenda waziwazi, bila kujibania.

Miezi minne ikapita hivyo, vizuri tu.

Sasa sikia. Alhamisi moja ya Novemba, saa kumi jioni, Mwololo alileta msumeno wake mkubwa kwenye banda la Mbithe kule Dagoretti. Mwololo alikuwa rika la marehemu baba yake Mbithe, na ndiye kiongozi wa wakata miti wote wa upande ule. Banda lile la mabati lilikuwa la baba. Mbithe alipolirithi, watu walisema mwanamke hawezi misumeno, na Mwololo ndiye aliyewaambia wanyamaze. Wateja wote walikuja kwa neno lake.

"Mpini unacheza," akasema. "Kesho saa moja niko Lavington, kuna mti umeegemea nyumba ya watu. Utaweza?"

"Nitaweza, Anko."

Akaufungua, akakuta mpini umeshikwa na skrubu moja tu. Mbili zilikuwa zimeanguka, hazipo. Ile moja iliyobaki ilikuwa imeganda, haikutaka kutoka. Akaipiga picha, akaituma, akapiga simu.

"Babe, nataka mbili kama hiyo kwa picha. Nitumie na mtu wa boda, saa hii."

"Mbithe, hiyo ni picha."

"Naona ni picha. Sina sampuli, imekwama."

"Basi ngoja kesho uitoe polepole, uniletee."

"Kesho ni Lavington! Kiragu, kwani mimi ni mteja wa barabarani? Unaniamini ama huniamini?"

Upande ule zilisikika honi za mjini.

"Nakuamini," akasema mwishowe. "Lakini sikia. Zikikataa kuingia, usizilazimishe. Uniambie."

"Sawa, asante, mpenzi wangu, wewe tuma tu."

Zilifika jua likizama. Ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili ikazunguka mara tatu, ikagoma. Mbithe aliusikia ule ugumu mkononi. Kila fundi anajua ugumu ule ni wa meno yasiyolingana. Lakini Mwololo alikuwa amekwisha piga simu mara mbili, na hakuwa na nyingine, na kumpigia Kiragu kungemaanisha kukiri kwamba alisema kweli. Akaongeza nguvu. Ikaingia ikilia.

Ijumaa, saa nne na nusu, simu iliita. Alikuwa mmoja wa watu wa Mwololo.

"Mpini umetoka akiwa juu ya mti! Msumeno umemkata mkono. Tuko hospitali."

Mbithe aliketi chini hapo hapo kwenye vumbi la banda. Mkono haukukatika, Mungu ni mkubwa. Zilikuwa nyuzi kumi na moja kutoka kiwiko kushuka. Na kitu cha kwanza alichofanya alipopata pumzi kilikuwa kumpigia Kiragu. Nami sitamtetea.

"Umeniuzia takataka!" akafoka. "Anko Mwololo karibu afe! Ati shati nyeupe, ati siuzi bila sampuli, kumbe ni maringo tu!"

"Mkono uko aje?" Kiragu akauliza.

"Usiniulize mkono! Usinipigie tena!"

"Sawa," akasema kwa sauti ya chini, akakata.

Jumamosi msumeno ulirudishwa. Mbithe akaufungua peke yake. Skrubu ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa imetafuna tundu lote, na ufa ulioanzia hapo ndio ulioung'oa mpini. Unga wa plastiki ulimwagika kwenye kiganja chake, na yeye akaujua mkono uliofanya kazi ile. Ulikuwa wake. Alishika simu, akaiweka. Akaishika tena, akaiweka. Kiburi ni kitu kibaya jamani. Siku sita akalala akigeuka, akila kwa shida, na kila saa nne asubuhi ilipofika bila simu kuita, moyo ulimuuma kabisa. Wateja wawili walikuja kuchukua misumeno yao kabla haijatengenezwa. Hawakusema sababu.

Siku ya saba Mwololo alipiga mwenyewe.

"Kesho saa tatu nakuja. Muite huyo mtu wa skrubu. Nataka kujua ni nani alitaka kuniua. Kama ni yeye, hakuna mkata miti kutoka Dagoretti hadi Kangemi atanunua hata msumari kwake. Kama ni wewe, banda la babako utalifunga. Mimi sitanyamazisha watu tena."

Ikabidi ampigie Kiragu.

"Ni mimi," akasema.

"Najua."

"Anko anataka uje."

"Nitakuja."

"Kiragu..."

"Nitakuja, Mbithe."

Alifika saa tatu kasoro dakika chache, amekonda mashavu. Hawakushikana mikono. Mwololo akaingia, bandeji imemfunga mpaka kwenye vidole, akaketi kwenye kibao, misumeno yake mingine miwili ikisubiri matengenezo benchini karibu na ule mkubwa.

"Haya. Semeni."

Kabla Mbithe hajafungua mdomo, Kiragu akasogea mbele.

"Mzee, ni mimi. Nilitoa skrubu kwa kuangalia picha kwa simu. Mimi mwenyewe najua hiyo haifanywi. Nilizituma mbaya. Huyu alifunga tu alichopewa."

"Wewe ndiye umesema," Mwololo akajibu, na sauti yake haikuwa na huruma. "Basi tumemalizana na wewe."

Mbithe aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Alihitaji kunyamaza tu. Banda lingebaki, wateja wangerudi, na mtu wa shati jeupe angerudi mjini na mzigo ambao haukuwa wake.

"Anko, anakudanganya."

"Mbithe, wacha," Kiragu akanong'ona.

"Siwachi! Anko, alikataa kutuma, nikamlazimisha. Akaniambia zikikataa nisiweke nguvu. Hii ya pili ilikataa. Niliisikia kwa mkono ikikataa, nikaisukuma. Kisha nikamtukana yeye." Machozi yalikuwa yanatiririka, hakuyapangusa. "Hakuna mtu mwingine alikuwa hapa. Ni mimi."

Mwololo aliinuka, akaita mtu wake aliyekuwa nje, na misumeno yote mitatu ikabebwa mmoja baada ya mwingine.

"Babako hakuwahi kunipandisha mti na kazi ya kulazimisha," akasema mlangoni.

"Najua, Anko. Nisamehe."

"Nikipona nitaona." Akatoka.

Kiragu akageuka. "Kwa nini? Mimi nina watu wa pampu, nina watu wa mageti. Wewe una hao tu! Si ungeniachia nibebe?"

"Halafu niolewe aje na mtu nimemtwika kosa langu? Kila asubuhi nikikuangalia ningeona nini?"

"Ati niolewe?" Kiragu akasema polepole. "Nani ametaja kuolewa?"

Mbithe akaufunika uso kwa mikono. "Woi! Toka kwa banda yangu."

Mwololo, kumbe, alikuwa bado nje akiangalia misumeno ikifungwa kamba, na mabati hayazuii sauti. Akaingiza kichwa.

"Kijana. Kwetu Ukambani mtu akitaka msichana huleta mbuzi, na wakiwa watatu ndio tunaanza kusikilizana. Babake hayupo, kwa hivyo utanipata mimi hapo kwao. Na siku hiyo usije na uwongo, hata wa kusaidia."

"Sawa, mzee."

"Huyu kazi nimemnyang'anya. Sijasema nimemkataa." Akaenda zake.

Wakabaki wawili. Pikipiki iliyobeba misumeno ikasikika ikipanda barabarani, ikapotea.

"Mbuzi wa soko la hapa Dagoretti watakubaliwa," Kiragu akauliza, "ama lazima watoke Machakos?"

"Kiragu, mimi mwenyewe hujaniuliza."

"Nakuuliza."

"Uliza vizuri."

Akauliza vizuri, mbele ya benchi lisilo na msumeno hata mmoja, na Mbithe akajibu ndiyo kabla hajamaliza.