Anayehema Chini ya Vigae

Hamjambo nyote? Sogeeni, ninyi mliosimama mlangoni. Zimeni hiyo redio kidogo. Jambo hili siwezi kulisema kwa kupaza sauti.

Mimi nakaa North Miami, ghorofa ya tatu. Katika jengo letu karibu sote ni Wahaiti. Binti yangu Widlène ana pumu, na daktari alisema zulia litoke, vumbi lake litamuua. Kumbe jengo lina sheria. Kama una mtu chini yako na unataka vigae, lazima kwanza utandike gome laini, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, ili wa chini asisikie nyayo zako. Sheria hiyo niliisoma mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho wa ukurasa! Nikatandika gome. Nene, la kisawasawa.

Jioni moja nikashuka kutupa taka. Widlène alikuwa hospitali, amebanwa kifua. Kwenye ngazi nikakutana na Exilia, mjane anayekaa chini yangu.

"Mama Widlène, mwonee huruma mwenzio. Mwambie mwanao aache kukimbia."

"Mwanangu yuko hospitali, dada. Kwangu hakuna mtu."

"Basi nani anakimbia?"

"Labda masikio yako yamezeeka."

Hakucheka. Akanishika mkono, akaniingiza kwake.

Tukasimama jikoni. Giza linaingia. Maharage yake yalikuwa yameungua, hata hakujali.

Tap... tap... tap.

Nyayo za miguu mitupu. Zilianzia kwenye kona, zikaja, zikaja... zikasimama juu ya kichwa changu.

"Nikihama chumba zinanifuata," Exilia akanong'ona.

Akanishtaki kwa kamati ya jengo. Simlaumu. Gome lisipoonekana, vigae ving'olewe, zulia lirudi. Na zulia likirudi, mwanangu ataishi wapi?

Mwenyekiti, mzee Théolien, akaja na patasi. Akang'oa kigae kimoja sebuleni. Gome lipo. Akalikata kipande, akakinyanyua, akakigeuza.

Akaniita nisogee.

Upande wa chini, ule uliolalia zege, kulikuwa na alama ya mguu. Kisigino. Vidole vitano. Imebonyea kutoka chini kuja juu.

Na harufu ya kahawa... kama imemiminwa sasa hivi.

"Kabla hujatandika," akanong'ona, "uliwamwagia wafu kahawa?"

"Niliwamwagia, mzee. Kama mama alivyonifundisha."

"Ulitaja jina?"

"Wafu wangu wamezikwa kwetu Haiti, Jérémie. Wa nyumba hii siwajui. Nilisema tu... uliyepo, karibu unywe."

"Mungu wangu! Umemwita usiyemjua, halafu ukamfunika?"

"Sasa nifanyeje?"

"Ng'oa yote, apate njia ya kutoka." Akarudisha kigae haraka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi nitaandika gome lipo, sakafu imepita. Kamati yangu ni ya kelele tu, dada. Hayo mengine si ya kamati."

Nikapanga kung'oa Jumamosi. Ijumaa Widlène akaruhusiwa kurudi nyumbani. Akaingia, akavua viatu, akalala kifudifudi juu ya vigae, apate ubaridi wake.

Akapumua. Taratibu. Kifua hakilii filimbi.

Tangu azaliwe sijawahi kumsikia akipumua hivyo. Nikaanza kulia kwa furaha.

"Shh, mama. Sikiliza."

Nikalala kando yake, nikaweka sikio.

Chini ya kigae... mtu anahema. Kwa shida. Kifua kinalia filimbi. Ile ile. Filimbi ya mwanangu, niliyokesha nayo miaka yote.

"Amesema atanishikia pumu yangu," Widlène akasema.

"Mpaka lini?"

"Hajasema."

Exilia hasikii nyayo tena, amenishukuru kwa sahani ya wali wa uyoga. Patasi iko kabatini. Jumamosi ilipita, na zingine zikapita, sijaigusa. Niambieni, nani kati yenu angeigusa?

Lakini jana... ile filimbi ya chini ilikuwa inapungua. Inakatika, inarudi. Inakatika. Kama mtu anayechoka.

Na akichoka kabisa, mzigo alioushika atamrudishia nani?

Niacheni niende, giza linaingia, nataka niwahi kulala sakafuni. Nitarudi kwenu. Nikija na Widlène, mpeni kiti. Nikija peke yangu, msiniulize kitu.